Jenerali wa Viatu na Orodha Yake ya Filamu za Vita

JENERALI AMEPEWA UKUMBI! Jamani, someni tena polepole: Jenerali, yule mama fundi viatu wa kando ya duka la dawa, aliyeachia shule darasa la sita, sasa ndiye anayechagua filamu za Jumamosi pale maktaba! Anasimama mbele, anaieleza filamu, na watu wanatulia tuli kumsikiliza. Hata Kinyozi, jirani yake wa kumchokoza, anatulia, na Kinyozi akinyamaza ujue kuna jambo.

Ngoja kwanza, habari hii ina utamu wake, ukiikimbiza unaumwaga njiani. Tuanze mwanzo.

Jenerali hajawahi kuwa mwanajeshi hata siku moja. Gwaride pekee analoliongoza ni lile la viatu ambavyo wenyewe wamevisahau, vimepangwa ukutani mistari minne, vingine tangu mwaka juzi. Jina la Jenerali alipewa na Kinyozi wa mlango wa pili kwa sababu ya filamu. Duka lake ni chumba chembamba, ukinyoosha mikono yote miwili unagusa kuta zote mbili. Kuna rafu ya miguu ya mbao ya kuvalishia viatu, kuna harufu ya gundi inayokupokea kabla hata hujapiga hodi, na juu ya kreti, mkabala na kigoda chake, kuna televisheni ndogo yenye ufa pembeni.

Televisheni hiyo aliinunua mwaka aliofiwa na mumewe. Duka lilikuwa limenyamaza mno, yaani nyundo yake mwenyewe ilikuwa inamshtua. Jirani mmoja alikuwa anahama, akamuuzia televisheni na kumwachia bure katoni ya filamu. Jenerali alipofika dukani akafungua katoni. Filamu zote za vita! Na zote za nje, lugha hizi za kupiga kelele kooni na nyingine za kunong'ona puani, hata moja hakuielewa. Mwingine angezitupa. Yeye akaweka ya kwanza, akashika msharasi wake, akaanza kutoboa soli huku jicho moja liko vitani. Miaka kumi na moja imepita na hajaacha.

Sasa kuhusu orodha. Nyuma ya mlango wake amepaka rangi nyeusi, na hapo ameandika kwa chaki filamu zote alizotazama, namba moja hadi ishirini na tatu. Majina ya kweli ya hizo filamu hakuna anayeweza kuyatamka, kwa hiyo zina majina ya mtaani: Ya Treni, Ya Mapacha, Ya Madaraja Saba, Ya Daktari Mlevi. Ukiingia na kiatu kilichoachama, kabla hajakutajia bei atakuuliza umetazama ipi, na ukikosea kujibu utakaa hapo nusu saa.

Kinyozi alikuwa anaingia kila asubuhi na kikombe chake cha chai kuja kuchokoza tu.

"Dada Jenerali, hiyo Madaraja Saba iko namba tisa mpaka leo? Ina mabomu arobaini ile! Nimehesabu!"

"Na mabuti je, uliyahesabu?"

"Mabuti ya nini tena?"

"Wametembea siku tano kwenye matope, mabuti yanang'aa kama ya bwana harusi. Filamu ya uongo hiyo. Namba tisa nimeionea huruma."

"Filamu bila bomu ni mahubiri, dada yangu."

"Wewe masikio yako yameshamalizwa na hiyo mashine ya kunyolea. Bila bomu husikii kitu."

Ndivyo alivyokuwa anazipanga. Kwenye filamu, kitu cha kwanza anatazama viatu. Mtu aliyetembea sana kisigino kinaliwa upande wa nje, na mtu mwenye njaa anaburuta ncha. Mwigizaji anaweza kulia machozi ya kitunguu ukamwamini, lakini kiatu, anasema Jenerali, hakijui kuigiza.

Namba moja, kwa miaka sita mfululizo, ilikuwa Ya Kisima. Na ya mwisho kabisa, namba ishirini na tatu, ilikuwa Ya Mbuzi.

Mnaona sasa tunakoelekea? Hamuoni? Sawa, twende.

Mwezi uliopita Mkutubi wa maktaba alibandika tangazo: chumba cha nyuma kimepata mashine ya kuonyeshea picha ukutani, na wanatafuta mtu wa kuchagua filamu za kigeni kila Jumamosi alasiri na kuzieleza kwa watu. Anayetaka alete orodha yake, alete na filamu anayoiona bora kuliko zote, aje aitetee mbele ya kamati Ijumaa saa tisa alasiri.

Binti yake Jenerali, anayesomea ualimu, ndiye aliyelisoma tangazo.

"Mama, hii kazi ni yako."

"Acha utani. Pale kuna wasomi."

"Wasomi wametazama filamu ishirini na tatu?"

Jenerali akaendelea kupaka gundi, lakini binti aliona mkono umepunguza mwendo. Kwa sababu ukweli ni huu: miaka yote hiyo ya kueleza filamu, hakuna mtu aliyewahi kumsikiliza mpaka mwisho. Mtu akileta kiatu anatazama saa. Jenerali akifika pale pazuri anakatizwa, "Sawa mama, kitakuwa tayari lini?" Alikuwa anataka mara moja tu maishani mwake amalize sentensi. Akasema, "Haya, andika jina langu. Lakini usimwambie Kinyozi."

Kinyozi alijua kabla ya saa sita mchana.

Basi, Jumanne ya wiki hiyo hiyo, akaingia Mama Nesi. Huyu ni nesi mstaafu, bibi mmoja mwembamba mwenye miwani ya kamba, ndara yake imekatika mkanda. Ujana wake alisomea unesi nje, miaka minne, huko kwenye baridi.

"Shikamoo mama, karibu ukae, mkanda ni dakika kumi tu."

"Marahaba mwanangu. Mimi sina haraka."

Kusema hivyo kwa Jenerali ni sawa na kumwambia mtoto achukue peremende zote. Akaweka Ya Kisima papo hapo, afanye na mazoezi ya Ijumaa. Kinyozi naye alikuwepo na chai yake, na wateja wawili wamesimama mlangoni. Wakafika ile sehemu kubwa: ofisa amekaa kwenye ukingo wa kisima, pembeni yake askari amelala chini, ofisa anasema neno polepole, na maandishi ya chini yanatokea: *Mama, nisamehe. Nyumba niliichoma mimi.*

Hapo watu huwa wanalia. Kinyozi mwenyewe hapo huwa anasingizia mvuke wa chai.

Mama Nesi akacheka. Hakutabasamu, alicheka hadi miwani ikaanguka kifuani.

"Mama, vipi?" Jenerali akauliza, kama mtu aliyechomwa.

"Mwanangu, huyu hajasema kitu kama hicho. Lugha hii naijua. Anamuuliza mwenzake kama supu imepoa."

Wale wateja wawili wa mlangoni wakaingiza vichwa ndani.

"Supu?" Kinyozi akasema.

"Supu. Na yule mwingine anajibu bado ya moto, angoje. Haya maandishi yenu ni ya filamu nyingine kabisa."

Jamani! Miaka sita! Filamu zake huwa anawekewa na Fundi Simu wa ng'ambo ya barabara, anazipakia kwenye flashi na kupachika maandishi ya Kiswahili chini. Siku ya kupachika, yale ya Kisima kayatia kwenye Mbuzi, na ya Mbuzi kayatia kwenye Kisima. Filamu zote mbili zina urefu ule ule, na watu wake hawaongei sana, nani angegundua? Na ubaya zaidi, Jenerali alikuwa na maelezo ya kila kitu! Mtu akifumba mdomo na maandishi yanatoka, alisema, "Hapo anaongea moyoni." Mtu akipayuka dakika nzima bila maandishi, alisema, "Hapo wamemkata, katukana." Na ile Ya Mbuzi, mama analia mbele ya nyumba iliyoungua, chini imeandikwa *Supu imepoa?* Ndiyo maana aliiweka ya mwisho, akaiita filamu ya walafi. Kuna pahali mbuzi anaangalia kamera, chini pameandikwa *Ndiyo, Kapteni*, na mtaa mzima ulikuwa unaamini yule mbuzi ana cheo.

Kinyozi alicheka hadi akashika ukuta. "Kapteni Mbuzi! Dada Jenerali, miaka sita unatutoa machozi kwa supu!"

Hakukusudia ubaya, ndivyo alivyo. Lakini kufika saa nane mchana habari ilikuwa imezunguka mtaa mzima na watu wanapita mlangoni wakiuliza supu imepoa. Jenerali akachukua kitambaa, akakilowesha, akafuta orodha yote kuanzia namba moja mpaka ishirini na tatu. Akafunga mlango. Jua liko utosini, amefunga.

Binti aliporudi alimkuta amekaa kigodani, kiatu hakuna mkononi.

"Kesho uende kwa Mkutubi umwambie nimeugua," akasema.

"Unaumwa nini, mama?"

"Naumwa supu."

Binti alitaka kucheka akaogopa.

Jumatano saa nne asubuhi mlango ukagongwa. Mama Nesi, mguu mmoja ndara, mguu mwingine soksi.

"Mwanangu, jana umenifungia na ndara yangu ndani."

Jenerali akafungua, aibu imemjaa. "Nisamehe mama. Ingia. Nashona sasa hivi."

"Shona taratibu. Nimekuja kuomba radhi. Sikukucheka wewe."

"Mama, ungenicheka tu. Kila mtu niliyemweleza ile filamu nilimdanganya. Miaka sita mimi ni mtu wa kujua, kumbe sijui lolote."

Mama Nesi akavuta kiti bila kukaribishwa, kama wafanyavyo manesi wote. "Basi iweke tena. Maandishi yazime. Mimi nitakwambia kila wanachosema, neno kwa neno."

Wakatazama. Mama Nesi anatafsiri huku anakunywa maji: huyu anauliza ni zamu ya nani kuchota, huyu anasema malengelenge yamepasuka, huyu anataka chumvi. Saa moja na nusu ya chumvi na maji na supu. Mwisho ulipofika Mama Nesi akapangusa miwani.

"Haya, umesikia yote. Mimi kwa kweli sijui hii filamu inahusu nini. Wanapika tu."

"Si inahusu buti," Jenerali akasema, kama mtu anayesema jua linawaka.

"Buti gani?"

Jenerali akamgeukia. "Mama, hukuliona buti?"

"Mwanangu, buti gani?"

Hapo ndipo Jenerali alipoweka ndara chini. Kumbe hata mwenye lugha hakuona alichokiona yeye! Alitoka mbio, akavuka barabara na aproni yake ya gundi hadi kwa Fundi Simu, akamwambia, "Nirudishie kila maandishi kwa mwenyewe. Leo leo. Na usinicheke, maana kosa ni lako." Fundi Simu, aliyekuwa ameshajiandaa kucheka, akameza.

Jioni hiyo yeye na Mama Nesi wakaitazama na Ya Mbuzi, safari hii na maneno yake halisi. Jenerali alilia hadi mwisho. Yule mama, ile nyumba, yule mwana anayeungama! Ilikuwa filamu nzito namna ile na yeye kaiweka chini kabisa, chini hata ya Daktari Mlevi.

Ijumaa saa tisa. Chumba cha nyuma cha maktaba kina viti vya plastiki, ukuta umepakwa chokaa, mapazia yamefungwa. Kamati watu wanne akiwemo Mkutubi, mwanaume mpole mwenye kalamu mbili mfukoni. Binti amekaa, Mama Nesi amekaa na ndara yake iliyoshonwa ikawa kama mpya, na Kinyozi kafunga kazi akaja, eti "kumsindikiza tu". Mshindani alikuwa mmoja, mwalimu wa kompyuta, kijana nadhifu. Alileta orodha iliyochapishwa, kila filamu ina nyota zake, na asilimia za watu walioipenda. Alieleza vizuri, tusimwonee. Kamati ikatingisha vichwa.

Ikawa zamu ya Jenerali. Alisimama. Mikono ilikuwa inatafuta kitu cha kushika, haikupata.

"Mimi naitwa Jenerali. Nashona viatu. Kabla sijasema filamu gani ni bora, niseme nilivyokosea."

Binti akafumba macho. Hawakukubaliana hivyo nyumbani!

Akawaeleza yote. Maandishi, supu, Kapteni Mbuzi. Watu walicheka, wajumbe wawili walicheka hadi wakainama. Mwalimu wa kompyuta akainua mkono kwa adabu.

"Samahani mama, sina nia mbaya. Lakini maana yake miaka sita hukujua filamu yako inahusu nini. Sasa utatueleza vipi sisi?"

Swali halali kabisa. Kinyozi akakunja ngumi, sijui alitaka kumpiga nani.

Jenerali akamgeukia Mkutubi. "Kaka, naomba uiweke Ya Kisima. Zima sauti. Zima na maandishi. Nipe dakika kumi na tano."

Picha ikatokea ukutani, kubwa mno, hajawahi kuiona kwa ukubwa huo. Akachukua rula ya Mkutubi, akaenda mbele, akaashiria chini, pale ambapo hakuna anayetazama.

"Huyu mrefu, anayepasua kuni. Tazameni buti lake la kushoto. Lilipasuka hapa kwenye ncha, akalishona mwenyewe kwa uzi mweupe. Mshono mbaya, wa mtu asiye fundi. Mmeuona? Sasa sogeza mbele kidogo, kaka. Hapo mtoni. Yule mrefu hayupo tena. Hakuna aliyesema kafa, hawasemi. Mtazameni mpishi."

Mpishi mfupi akapita ukutani, na buti la kushoto lina uzi mweupe.

Mtu akasema "aah!" nyuma gizani.

"Ni makubwa kwake, ndiyo maana anatembea hivyo. Nyie mlidhani kajeruhiwa. Sogeza mbele. Huyu sasa ni ofisa mwenyewe, kwenye kisima. Ofisa! Mabuti yake mazuri ya ngozi laini yako wapi? Kavaa ya mpishi. Anauliza kama supu imepoa kwa sababu aliyekuwa anapika hayupo. Siku hiyo kapika yeye."

Mama Nesi akaweka mkono mdomoni.

"Nenda mwisho kabisa, kaka."

Mwisho wa Ya Kisima ni msichana anachota maji. Vita vimekwisha, kuna kuku, kuna nguo kwenye kamba. Kila mtu hutazama uso wa msichana maana ni mzuri. Jenerali akashusha rula mpaka chini ya ukuta. Msichana kavaa mabuti makubwa kama ndoo, kayajaza majani makavu yasimtoke, na la kushoto, kwenye ncha, kuna uzi mweupe.

"Wanaume watatu wameisha," Jenerali akasema, "na buti bado linakwenda kuchota maji. Mimi maneno yao sikuyajua, na niliyoyajua yalikuwa ya watu wengine. Lakini hili nililiona. Ndiyo namba moja yangu."

Akamaliza sentensi. Hakuna aliyemkatiza. Mapazia yamefungwa, hakuna anayetazama saa.

"Lugha naijua," Mama Nesi akasema kwa sauti, "nimeitazama mara mbili, na sikuliona."

Na wa kwanza kusema baada yake alikuwa mwalimu wa kompyuta: "Naomba rudisha pale mtoni." Wakarudisha. Wakarudisha tena. Mkutubi alisogea karibu na ukuta hadi kivuli chake kikaziba picha, wakampigia kelele akae. Kura zilipopigwa mikono minne yote ilikuwa juu, na Kinyozi, ambaye si mjumbe, kainua miwili.

Mlango umeandikwa upya. Ya Kisima iko pale pale juu. Ya Mbuzi imepanda kutoka ishirini na tatu hadi mbili, siku moja! Madaraja Saba imeshuka hadi kumi na Kinyozi ameapa kutomsalimia mpaka irudi tisa, ingawa ameshamsalimia mara tatu leo. Mwalimu wa kompyuta anashika mashine ya picha, na Mama Nesi anahakiki maandishi yote kabla hayajapanda ukutani, mstari kwa mstari, na ni mkali kweli.

Jumamosi ya kwanza walionyesha Ya Mbuzi. Watu thelathini na saba, na viti vilikuwa thelathini. Jenerali alisimama mbele, akaeleza, na ilipokwisha wakabaki kubishana hadi mlinzi akaja na funguo.

Jumamosi hii ni Ya Treni, saa kumi kamili alasiri, chumba cha nyuma cha maktaba, mlango wa pembeni, hakuna kiingilio. Tafadhali mtumie habari hii mtu mmoja unayemjua anapenda filamu, na yeye amtumie mwingine.